Liemba: meli iliyozama mara mbili, kisha ikarudisha watu Uvira

Wakaaji wa Uvira, Fizi na Kalemie waliopita umri wa miaka thelathini na tano, wengi wanajua jina la Liemba. Vijana wanalisikia tu kwa wazazi. Ni meli ya chuma yenye urefu wa mita 71 hivi, inayobeba watu 600 na tani 200 za mizigo. Nyumbani kwake ni bandari ya Kigoma, Tanzania, ngambo ya ziwa. Kwa miaka mingi ilitoka Kigoma, ikashuka kusini mpaka Mpulungu huko Zambia, kisha ikarudi. Wageni wa Ulaya na Amerika walilipia chumba cha kulala ili waweze kusema kwamba wamesafiri juu ya meli ya vita ya zamani ambayo bado inabeba abiria. Watu wa upande wa Kongo waliipanda kwa sababu nyingine kabisa.

Mwishoni mwa mwaka wa 2023, serikali ya Tanzania, kupitia kampuni yake ya meli MSCL, ilitia sahihi mkataba wa kuitengeneza upya Liemba, maana ilikuwa imesimama kwa miaka kadhaa. Habari hiyo ilivuka ziwa haraka. Katika familia moja ya Uvira, ambayo nyumba yake iliingiliwa na maji wakati ziwa lilipopanda mwaka wa 2024, na ambayo sasa inakaa kwa jamaa upande wa juu ya mji, habari hiyo ilipokewa kama ahadi. Mama mzee wa familia hiyo amepita miaka sabini. Binti yake wa kwanza alibaki katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Hawajaonana tangu 2006.

Binti yake wa pili, anayeuza ndakala sokoni, amemwambia mara nyingi kwamba kuna njia nyingine za kwenda kumwona dada. Mama mzee anajibu jibu moja tu: atavuka na Liemba, ao hatavuka.

Ili kuelewa kwa nini mtu anaweza kuamini chuma chenye zaidi ya miaka mia moja kuliko bwato jipya, ni lazima kujua kwanza meli hiyo ilitoka wapi.

Masanduku elfu tano

Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913, katika kiwanda cha meli cha Meyer. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen, jina la mtu aliyekuwa gavana wa koloni la Wajerumani huku Afrika Mashariki. Lakini hakuna mto wa kutoka baharini mpaka Tanganyika ambao meli ya ukubwa huo ingeweza kuupita. Basi mafundi waliiunga kwanza kiwandani, wakaifungua tena kipande kwa kipande, wakaipanga katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakapakiwa Hamburg, yakashushwa Dar es Salaam, yakapandishwa treni mpaka Kigoma. Reli yenyewe ilikuwa imefika Kigoma mwaka wa 1914 tu.

Mafundi watatu Wajerumani walisafiri pamoja na masanduku hayo: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Kando ya ziwa, wao na wafanyakazi Waafrika waliiunga meli upya, ubao wa chuma juu ya ubao wa chuma. Februari 1915 ikaingia majini.

Wakati huo vita ya kwanza ya dunia ilikuwa imekwisha kuwaka, na Kongo ilikuwa ndani yake. Agosti 1914 Wajerumani walikuwa wameishambulia Alexandre Delcommune, meli ya Wabeleji, kwenye pwani ya Kalemie ya leo. Götzen ilipokamilika ikawekewa mzinga mkubwa uliotolewa katika Königsberg, meli ya vita iliyoharibiwa kwenye delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915. Kuanzia hapo haikuwapo meli nyingine ya kuiweza. Ilipeleka askari na chakula popote ilipotaka, na upande wa Kongo ulikaa na hofu.

Waingereza nao wakaamua kuleta mabwato mawili madogo ya injini, yenye mbio. Waliyaita Mimi na Toutou. Hiyo si "mimi" ya Kiswahili; ni namna ya kitoto ya kuita paka na mbwa kwa Kifaransa. Mabwato hayo yalitoka Afrika Kusini kwa treni, yakapita Lubumbashi, yakafika Fungurume mahali ambapo reli iliishia. Kutoka hapo yalivutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu. Miti ilikatwa, madaraja yakajengwa mahali ambapo hapakuwa na barabara. Halafu yakashuka mto Lualaba mpaka Kabalo, na kutoka Kabalo yakapanda treni tena mpaka ziwani. Vitabu vingi vinataja jina la kamanda Mwingereza, Geoffrey Spicer-Simson. Majina ya Wakongomani waliovuta kamba na kubeba maji kwenye milima ile hayasomwi mahali pengi.

Desemba 1915 mabwato hayo yalikamata meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Februari 1916 yakazamisha ya pili, Hedwig von Wissmann. Götzen yenyewe hayakuigusa. Juni 1916 ndege za Wabeleji, zile zinazotua juu ya maji, zilitoka upande wa Kalemie zikaenda kuangusha mabomu Kigoma. Mwezi uliofuata Wajerumani waliona kwamba mji hauwezi kushikwa tena.

Kuficha kitu ambacho utakirudia

Kabla ya kukimbia, wakuu wa Wajerumani waliamuru meli izamishwe ili adui asiipate. Kazi hiyo walipewa mafundi walewale walioiunga. Walifanya walivyoambiwa, lakini kwa akili. Kwanza walipaka injini grisi nzito, kila mahali, ili maji yasiile. Kisha wakaijaza mchanga, wakaifungulia maji ikashuka taratibu. Hiyo ilikuwa tarehe 26 Julai 1916. Waliizamisha kama mtu anayeficha kitu ambacho anatumaini kukirudia.

Familia nyingi za Uvira zinaijua akili hiyo bila kusoma historia. Oktoba 1996, vita ya AFDL ilipoingia mjini, mama mzee huyu alikuwa na muda wa kuchimba shimo moja tu nyuma ya nyumba. Aliweka ndani sufuria zake tatu, pasi ya makaa na kitenge kimoja kipya, vyote vimefungwa katika shitingi. Akafunika udongo, akapanda juu yake shina la muhogo ili mahali pasionekane. Halafu akatoka na watoto wanne, kwa miguu kuelekea Fizi, na kutoka Fizi kwa mtumbwi, usiku, mpaka ngambo.

Wajerumani waliopaka grisi hawakuirudia meli yao. Baada ya vita Wabeleji waliipandisha, wakaivuta mpaka Kigoma, lakini ikazama tena bandarini. Tanganyika ilipowekwa chini ya Waingereza, nao wakajaribu. Mwaka wa 1924 wakaitoa majini, na mafundi walipofungua injini walikuta bado ni nzima. Grisi ilikuwa imefanya kazi yake miaka yote hiyo. Mei 1927 meli ikaanza kubeba abiria ikiwa na jina jipya, Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia na kuliandika kwa sehemu ya kusini ya ziwa hili.

Mama mzee naye, aliporudi 1997, alikuta shimo limefukuliwa. Sufuria zake zilikuwa kwa jirani aliyebaki, na jirani huyo alikuwa amezitumia kupikia watoto saba ambao si wake, watoto ambao wazazi wao hawakuonekana. Hakugombana naye. Alimwomba moja, mbili akaziacha. Mpaka leo anasema mali ikifichwa vizuri itamfaa mtu, hata kama si yule aliyeificha.

Wengine raha, wengine soko

Miaka ya 1970 injini za mvuke zilitolewa, Liemba ikawekewa injini za mafuta. Ilitengenezwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika njia yake ya kusini, pwani ya Tanzania, vijiji vingi havina gati. Meli husimama mbali kidogo na kupiga honi, na mitumbwi hutoka mbio kuifuata. Watu hupanda na kushuka kupitia mlango wa ubavuni: mama mwenye mtoto mgongoni, kuku, gunia la dagaa, godoro, baiskeli. Usiku hufanyika kwa taa na kelele. Anayekosa kushika mkono unaomnyooshea huanguka majini, na wenzake humvuta.

Wageni wenye vyumba vya juu walisimama wakipiga picha. Wengi walikuwa wamesikia habari ya filamu ya The African Queen ya mwaka wa 1951, inayohusu vita vya ziwani dhidi ya meli ya Wajerumani, na ambayo sehemu yake ilipigwa hapa Kongo, karibu na Ubundu. Kwao, safari ya siku mbili mpaka Mpulungu ilikuwa kugusa historia. Kwa muuza dagaa aliyelala juu ya magunia yake kwenye daraja la tatu, ilikuwa barabara. Pwani ile milima inashuka mpaka majini, na sehemu nyingi gari halifiki, ao linafika kwa shida.

Hakuna ubaya wowote katika raha ya wageni. Fedha ya vyumba vya juu ilisaidia meli kutembea. Lakini anayetaka kujua Liemba ilikuwa na maana gani kwa ziwa hili, amuulize yule aliyelala chini.

Safari ishirini na mbili

Mwaka wa 1997, baada ya Mobutu kuanguka, HCR, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia wakimbizi, lilianza kurudisha nyumbani Wakongomani waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Shughuli hiyo ilichukua miezi mitano, na watu zaidi ya 75,000 walirudi. Liemba ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira.

Familia hii ilikuwa katika mojawapo ya safari hizo. Muuza ndakala wa leo alikuwa na miaka tisa. Anachokumbuka zaidi ni kelele ya injini chini ya miguu, na harufu ya rangi, mafuta na jasho. Kila mtu alikuwa na jetoni yake, na mama alizishika zote tano katika kitambaa kilichofungwa kiunoni, akizihesabu kila mara. Watu walikaa juu ya mizigo yao: mablanketi, mabidoni, sahani za kambini. Mzee mmoja alibeba mlango wa mbao aliokuwa ameutengeneza Nyarugusu. Alipoulizwa wa nini, alijibu kwamba hajui kama nyumba yake ingali na mlango, na mlango ni kitu cha kwanza mtu anachotafuta usiku ukiingia.

Walisafiri usiku. Dada mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na tano, alimshika mdogo wake mkono akamwonyesha taa za wavuvi upande wa Kongo. Taa zilikuwa nyingi mpaka mtoto akadhani ni mji.

"Ni Uvira?" aliuliza.

"Hapana, ni ndakala," dada alimjibu. "Uvira iko nyuma ya ndakala."

Asubuhi milima ikaonekana. Watu walisimama wote upande mmoja, na mabaharia wakapiga kelele warudi katikati ili meli isilale. Bandarini Kalundu watu walikuwa wamejaa. Wengine walipokea jamaa zao. Wengine waliangalia kila uso uliokuwa ukishuka, na baada ya wa mwisho kushuka walirudi nyumbani kimya, wakangoja safari nyingine.

Mama mzee anasema siku ile hakulia. Alihesabu watoto wake chini ya ngazi ya meli: mmoja, wawili, watatu, wanne. Ndipo akauliza njia ya nyumbani kama mgeni, maana nyumba nyingi alizozijua hazikuwapo tena.

Meli inafikisha, haibakishi

Wengi wanaosikiliza historia hii wanajua kilichofuata. Agosti 1998 vita ya pili ilianza. Mwaka mmoja haukuwa umetimia vizuri tangu Liemba iwashushe Kalundu, na familia ile ilikuwa tena njiani kuelekea Fizi, na tena ndani ya mtumbwi. Safari hii hawakuchimba shimo. Sufuria ilikuwa moja, wakaibeba.

Waliishi Nyarugusu karibu miaka minane. Kambi hiyo, katika wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka wa 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na kuna watu waliozaliwa humo ambao leo ni wazazi. Dada mkubwa aliolewa humo. Mwaka wa 2006, HCR ilipokuwa ikirudisha watu kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka, mama aliamua kurudi. Binti yake wa kwanza alikuwa na mtoto mchanga, na mume wake hakutaka kurudi mahali ambapo ndugu zake waliuawa. Mama akapanda meli na watoto watatu.

Meli hiyo haikuwa Liemba. Ilikuwa Mwongozo, meli nyingine ya Kigoma. Mama mzee haisemi vibaya: ilikuwa nzuri na walifika salama. Lakini akiizungumzia husema "ile ya watatu". Liemba anaiita "ile ya wanne".

Ndiyo sababu yake, na alichukua muda mrefu kuitamka. Watoto walidhani anapenda Liemba kwa ukubwa wake, ao kwa sababu ni ya zamani kama yeye. Siku binti yake alipomwambia kwa hasira kidogo kwamba chuma ni chuma na maji ni maji, alijibu: "Mwanangu, ile meli ndiyo ilinibebea ninyi wote. Hakuna nyingine iliyonibebea ninyi wote."

Liemba yenyewe iliendelea na kazi hiyo. Mei 2015 ghasia zilipotokea Burundi, makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi upande wa Tanzania, kilichobanwa kati ya mlima na maji. Hakukuwa na barabara ya gari. Kolera iliingia. Liemba ilitumwa kuwachukua kidogo kidogo mpaka Kigoma, na kutoka hapo wengi walipelekwa Nyarugusu. Dada mkubwa aliwaona wakifika, wamechoka, wameshika vitambaa vyenye jetoni, akapiga simu Uvira kuwaambia kwamba meli yao inatembea bado. Wakati huohuo Warundi wengine walivuka upande wa Kongo, wakapokewa Lusenda, katika eneo la Fizi. Pwani iliyokimbia ikawa pwani ya kupokea.

Kungoja meli, ao kupanda bwato

Sasa mama mzee anangoja. Binti yake amemweleza ukweli wote. Liemba haikuwa na ratiba ya kila juma ya kuja Uvira. Njia yake ya kawaida ni ya kusini. Hata ikitengenezwa vizuri, hakuna aliyeahidi kwamba itafika Kalundu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Ilikuja 97. Kama ilikuja, njia inaijua."

Barabara ya kupitia Bujumbura ipo. Lakini ni mipaka miwili, karatasi mbili, magari ya kubadilisha, na mgongo wa mama haukubali tena kukaa katika gari kutwa nzima. Yanabaki mabwato ya mbao, yale tunayoyaita balenieri, yanayotembea kati ya Uvira, Baraka, Kalemie na ngambo.

Hapo ndipo mashaka ya mama mzee yanapoacha kuwa ya kumbukumbu tu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zaidi ya 670, na mahali penye kina kirefu linapita mita 1,400. Duniani ni Baikal peke yake inayolizidi kwa kina. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo wa kusini unavuma kwa nguvu na mawimbi yanapanda kama ya bahari. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama katika maji ya Katanga, na watu zaidi ya 120 walikufa. Familia nyingi za pwani zina jina la mtu wao aliyechukuliwa na ziwa.

Mwezi mmoja uliopita muuza ndakala alitafuta njia ya kati. Alimwuliza mama yake: likipatikana bwato la mchana, lisilojazwa kupita kiasi, lenye jile ya kuokoa uhai kwa kila abiria, na msimu wa upepo ukiwa umepita, utakubali? Mama alifikiri siku mbili. Siku ya tatu alisema atakubali, lakini jile azione kwa macho yake na azihesabu mwenyewe.

Basi binti akaenda bandarini, akauliza kwenye mabwato matatu. La kwanza mwenyewe alicheka, akasema jile ni za wazungu wa mashirika. La pili lilikuwa na jile nne, zimefungiwa katika chumba cha nahodha, na abiria wanaotarajiwa ni sitini. La tatu lilikuwa na jile ishirini na mbili, nyingine mikanda imekatika, na nahodha aliahidi kwamba abiria hawazidi arobaini. Binti alirudi nyumbani akamweleza mama hesabu hiyo kama alivyoipata.

"Wengine kumi na wanane watavaa nini?" mama aliuliza.

Swali hilo hakuna aliyelijibu siku ile. Fedha ya likelemba, zamu yake ya mwezi wa tatu, binti ameiweka kando kwa ajili ya safari, na haiguswi hata kwa deni la ndakala. Dada wa Nyarugusu hutuma sauti kwenye simu kila Jumapili. Mjukuu ambaye mwaka wa 2006 alikuwa mchanga sasa amekuwa kijana, na sauti yake imekuwa nzito mpaka bibi hakumtambua.

Watu wengi wa pwani wako katika hali hiyo: jamaa ngambo, fedha kidogo mkononi, na bwato lisilo na jile mbele yao. Meli ya zamani ikirudi majini, itakuwa furaha ya ziwa lote, na wageni watakuja tena na kamera zao. Lakini Wajerumani watatu wa mwaka wa 1916, waliokuwa wakikimbia vita, walipata muda wa kupaka grisi. Mwenye bwato anayekaa bandarini siku tatu akingoja abiria anao muda wa kununua jile, kushona mikanda iliyokatika na kuhesabu watu kabla ya kung'oa nanga.

Na msafiri naye ana kazi yake. Kabla ya kulipa, uliza jile ziko ngapi na ziko wapi. Ukiambiwa zimefungiwa, omba zitolewe. Angalia maji yamefika wapi ubavuni mwa bwato baada ya mizigo kupakiwa. Uliza upepo ulivumaje usiku uliopita. Wavuvi watakuambia bila malipo. Mwachie mtu wa nyumbani jina la bwato, saa ya kuondoka na idadi ya mlio nao. Ukiona si salama, rudi na mzigo wako, hata kama watakucheka.

Muuza ndakala amerudi bandarini mara mbili tangu siku ile. Nahodha wa bwato la tatu ameshona mikanda sita.